Chupa ya Sumu ya Pamba

Ndege wa lambo letu niliwaua mimi. Naiandika sentensi hii mwanzoni kabisa kabla sijapata kisingizio, maana kwa visingizio mimi sijambo.

Lambo lilichimbwa na marehemu baba yangu, mbele kidogo ya Kolandoto, kwa majembe na jozi mbili za maksai. Aliziba korongo lililokuwa likipitisha maji ya mvua, maji yakatulia, na baada ya miaka michache wakaanza kuja ndege. Baba alipenda kutania kwamba yeye aliziba korongo moja, Mungu akamlipa korongo mia, tena wenye mabawa. Pembeni mwa maji aliacha ngitili, yaani nyasi zilizofungiwa mifugo isizile mpaka kiangazi kikaze. Humo bata maji na yangeyange wakajenga viota. Kenge walikuwepo, na fisi maji wawili ambao wageni hawakuamini mpaka wawaone. Ng'ombe wa kijiji kizima walikunywa hapo bure. Sharti la baba lilikuwa moja tu, kwamba mtu asiwinde.

Alipofariki, lambo likawa langu. Mimi naishi Ngokolo, nauza vitenge mjini, na huko kijijini nilikuwa nikienda Jumapili baada ya kanisa. Mlinzi alikuwa Mzee Ngusa, aliyeajiriwa na baba kabla mimi sijaolewa. Aliwajua ndege kwa viota vyao. Mwezi wa kumi na moja, ndege wa mbali walipotua, alinipigia simu kuniambia, "Mama Wema, wakwe zako wamefika." Nilicheka kila mwaka kana kwamba ni utani mpya.

Kisha akaja Salmini, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Geita, akitafuta mahali pa kufanyia marudio. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu mara moja. Unawekwa kwenye tangi la udongo lililotandikwa nailoni, unamwagiwa maji yenye sianidi, na dhahabu iliyobaki inatoka. Salmini alitaka eneo la nyuma ya kilima. Mimi ndiye niliyemwonyesha pale, upande wa juu wa lambo, ili bomba la maji liwe fupi na mimi nipate kodi ya ardhi ambayo haikuwa ikiniingizia kitu.

"Mama, hapa mvua ikizidi, kitu chote kitashuka kwenye lambo," aliniambia.

Nikamcheka. "Mvua ya Shinyanga ipi hiyo ya kuzidi, Salmini? Sisi hapa tunaiombea mpaka magoti yanaota sugu."

Alicheka na yeye, akajenga nilipotaka.

Mvua ilizidi mwezi wa tatu. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Salmini akanipigia. "Ukuta wa tangi umekatika, Mama."

"Ziba," nilimwambia. "Ziba, halafu nyamaza."

Nilipofika kwa bodaboda, yangeyange walikuwa wametapakaa kwenye tope kama nguo nyeupe zilizoangushwa na upepo kutoka kwenye kamba. Bata maji walielea matumbo juu. Fisi maji mmoja alilala ubavu kando ya maji, mdomo wazi. Wa pili sikumwona. Mzee Ngusa alikuwa akikokota mizoga kwa mti mrefu na kuifukia, mbwa wasije wakaila. Tangu alfajiri alikuwa amesimama njiani na fimbo akirudisha makundi ya ng'ombe, na kwa sababu yake hakufa hata ndama mmoja.

"Usiguse maji, mwanangu," aliniambia. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Nilitaka kumwambia, Mungu ni shahidi. Nilifungua mdomo, nikauliza amefukia wangapi.

Alasiri sungusungu wakaita mkutano. Ntemi wao, yaani mkuu wao, mzee mnene anayeitwa Lusangija, aliuliza nani ameonekana na sumu karibu na lambo. Watu wakatazama viatu vyao. Nilihisi kana kwamba wote watanigeukia kwa pamoja. Nikasimama.

"Kwa Mzee Ngusa nimewahi kuona chupa ya sumu ya pamba," nilisema.

Angalieni ujanja wangu. Sikusema uongo hata neno moja. Chupa ile niliiona, chini ya kitanda, kama ilivyo chini ya kila kitanda kijijini pale, maana wote wanalima pamba. Lakini kila mtu anajua pia kwamba wezi wa ndege huchanganya sumu hiyo na mtama ili waokote bata bila jasho. Sikuhitaji kuongeza kitu.

"Ninayo," Mzee Ngusa alijibu. "Nalima pamba." Hakunitazama. Ningepona kidogo kama angenitazama.

Wakaamua atengwe. Kwetu mtu aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto wala maji, hakopeshwi hata jembe, na mgonjwa wake habebwi. Atakayemsaidia au kumpa salamu analipa ng'ombe. Nilijiambia ni jambo la wiki mbili tatu, hasira zitapoa. Nilirudi Ngokolo nikafungua duka, nikauza vitenge viwili, nikapiga soga na wateja.

Wiki ya nne nilikuwa kwenye bodaboda nikienda kuangalia tangi lililojengwa upya. Njiani tukamkuta Mzee Ngusa akisukuma baiskeli. Kwenye keria alikuwa amemkalisha mkewe, Mama Generosa, miguu imevimba kama mitungi, na amemfunga kwa khanga asianguke. Walikuwa wakienda hospitali ya Kolandoto, mzee wa miaka sabini na kitu peke yake na baiskeli ile kwenye tope. Dereva wangu akapunguza mwendo.

Mzee alipoona ni mimi, aliiingiza baiskeli kwenye nyasi, akanipa mgongo. Nilidhani ni hasira, na hasira ningeistahili. Kumbe alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, nikaisikia vizuri: "Tumpishe mtoto. Akinisalimia watamtoza."

Alikuwa ananilinda. Nilimtia mtu yule motoni, na bado alikuwa ananilinda.

"Twende," nilimwambia dereva.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nimejaribu kulikumbuka kwa namna nyingine, nikashindwa. Kiti cha bodaboda kilikuwa na nafasi ya mgonjwa, na mimi nina miguu yangu miwili. Aibu iliyonishika pale haijaniachia. Inakuja nikinyoosha kitambaa, inakuja mtu akiniita mama kwa heshima.

Siku mbili chakula hakikupita. Siku ya tatu ilikuwa ya mkutano wa kijiji. Nilivaa nguo zangu za kanisani, nikaenda, na kabla ajenda haijasomwa nikasimama mbele ya watu wote.

"Sumu ilitoka kwenye tangi la marudio," nilisema. "Tangi liko kwenye ardhi yangu, na mahali pale nilipachagua mimi, baada ya kuonywa. Mzee Ngusa hana kosa. Mrudisheni leo. Kama ni kutenga, nitengeni mimi."

Nilingoja kelele. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa fimbo. Badala yake baadhi ya watu wakaonekana wamekereka, kama wanaotazama mlevi.

Ntemi Lusangija aliondoa kofia, akaiweka gotini. "Mama Wema, mbona tunajua."

"Mnajua nini?"

"Ukuta ulivyokatika, walioziba ni vijana wetu. Wanafanya kazi pale. Unadhani hawakurudi nyumbani kutueleza?"

"Sasa mbona mlimtenga mzee wa watu?"

"Wewe ndiye uliyemtaja," alisema kwa upole. "Mwenye lambo alishaamua, sisi tungesema nini? Na ukilitamka jambo hili nje ya hapa, bwana mazingira wa wilaya atakuja, tangi litafungwa, vijana watarudi kushinda vijiweni. Mzee tutamrudisha baada ya mavuno, polepole, bila maneno mengi. Kaa, mayu, kaa mama yetu."

Nilitazama nyuso zile. Zilikuwa za watu ambao ng'ombe wao walikunywa kwenye lambo la baba miaka thelathini, na ambao ng'ombe wao wako hai kwa sababu ya fimbo ya mtu mmoja. Hakuna aliyenichukia. Walikuwa wakinisihi. Huko Kolandoto Mzee Ngusa alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mkewe, bila mtu wa kumpelekea hata uji.

Bado nilikuwa na maneno. Nilikuwa na simu mkononi, na namba ya ofisi ya wilaya ilikuwemo.

Nikakaa. Loveness, mke wa ntemi, alinisogezea nafasi kwenye benchi, akanipangusia vumbi kwa upande wa khanga yake, na mkutano ukaendelea na habari ya madawati ya shule.