Udi wa Bi Nasriya

Rahila alipotia nia ya kuondoka Maskati, watu walisema joto limemshinda. Uwongo mtupu. Joto alikuwa keshalizoea, akilala juu ya paa na shuka iliyochovywa maji kama wenyeji wote, na asubuhi akiamka mzima. Kilichomshinda Rahila ni udi. Msicheke, ngojeni niwasimulie.

Rahila alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, nyumba ya ghorofa ambayo madirisha yake yalitazamana na ya jirani. Mama yake akizungumza dirisha kwa dirisha tangu chai ya asubuhi hadi mchuzi wa jioni: nani kaposwa, nani kanuna na mumewe, samaki gani kaingia sokoni. Watoto wamekulia ndani ya maneno yale. Kwao kimya kilikuwa cha msibani, tena siku ya kwanza tu.

Mapinduzi yalipokuja mwaka wa sitini na nne, yeye na mumewe Mahfoudh walipata meli, wakaja Maskati kwa sababu babu yake Mahfoudh alitoka huko. "Tunarudi kwetu," Mahfoudh alimwambia melini kila alipolia. Kwetu gani, bwana? Rahila hajapata kuiona nchi hiyo hata kwenye picha, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia. Aliposhuka akaona majabali matupu yameuzunguka mji kila upande, hapana mti hapana jani, akataka kujua mvua huku inanyesha lini. Mahfoudh akamuulizia kwa mchukuzi wa mizigo. Mchukuzi akafikiri sana, kisha akasema labda mwakani.

Walipata nyumba ya udongo ndani ya ukuta wa mji, karibu na Lango Kubwa. Watu wa siku hizi wakisikia Maskati wanaona mitaa mipya, Ghala na gereji zake, Hamriya na maduka, Khuwair na majumba yake. Siku hizo huko kote kulikuwa mchanga na mbuzi. Maskati yenyewe ungeimaliza kwa miguu kabla kahawa haijapoa, na kila mtu alimjua punda wa mwenziwe. Mie mpaka leo naulilia mji ule, lakini Rahila wakati huo alikuwa bado anaililia Malindi.

Wanawake wa pale walikuwa na desturi ya kahawa ya asubuhi. Kazi za alfajiri zikisha, mmoja anakwenda kwa mwenziwe, zinaletwa tende, inaletwa kahawa, wanakaa. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Nasriya, mke wa mwenye duka la vitambaa, mama mtu mzima, mrefu, mwenye mkono mwepesi wa kumimina. Ndiye aliyemwita Rahila kahawani hata mizigo haijafunguliwa.

Rahila alikwenda na furaha zake. Akasifu mikeka, akasifu kahawa, akauliza watoto ni wangapi, wako wapi, na yule mkubwa kwa nini hajaoa. Alichanganya Kiarabu cha msahafuni na Kiswahili na mikono. Wenyewe walimjibu kwa upole, neno moja, kisha wakanyamaza. Tena walinyamaza vizuri tu, hapana aliyekunja uso wala kumkonyeza mwenziwe. Wanakunywa, wanatazama mbele, wameridhika. Kimya kile kilimtia Rahila wazimu, akakijaza maneno. Mwisho Bi Nasriya akaleta chetezo, moshi wa udi unapanda, akampa ajifukize.

Hapo Rahila alitokwa na machozi. Kwao Malindi chetezo kikiingia ndipo mazungumzo yanaponoga: watu wanajifukiza nguo na nywele, wanakunja miguu, na hadithi zinaanza upya. Harufu ile ilikuwa ya mama yake mtupu. Akajifukiza mpaka ndani ya kanga, akakirudisha chetezo, akakaa vizuri zaidi, akasimulia hadi jua likawa utosini. Wanawake wengine walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja. Rahila akawahurumia kwa haraka zao.

Ikawa ndio mtindo wake, na miaka ikapita. Kiarabu chake kikachangamka, lakini kimya cha wenyeji hakikupungua, na baada ya udi ndio kilizidi. Bi Nasriya alikaa naye, mikono mapajani, akisikiliza kwa adabu.

"Watu wenu hawa wamekatwa ndimi," Rahila alikuwa akimwambia mumewe.

"Ndivyo walivyo," Mahfoudh alijibu. "Mtu anachelea kumuudhi mwenziwe, anaona heri asiseme."

"Na la kumfurahisha je? Nalo wanachelea?"

Mahfoudh akasema kichwa kinamuuma. Naye pia, mkitaka kujua, alikuwa na hamu ya utani wa Malindi, ila mwanamume akitamani kwao husema anaumwa kichwa.

Mchana, mji mzima umelala, Rahila alikuwa akikumbuka. Alikumbuka shelisheli la kukaanga, la moto, linachoma vidole. Alikumbuka masika inavyopiga mabati mpaka msemaji apandishe sauti, na harufu ya udongo baada yake. Nazi za Maskati zilitoka Malabar, Bara Hindi, zimekauka, nyengine zimeshachacha, na akizikuna alilia kama aliyekuna kitunguu. Alikumbuka hata alivyovichukia: matope ya Ng'ambo, inzi wa sokoni, jirani mmoja mchokozi aliyegombana naye tangu utoto. Angempata yule mchokozi siku moja tu wakagombana kwa Kiswahili, angeshukuru.

Basi siku moja udi haukuletwa. Rahila akafikiri umekwisha ndani. Kesho yake vilevile. Mara ya tatu akaona kwa macho yake: wanawake wengine walipoinuka, Bi Nasriya aliwafuata hadi mlangoni na chetezo, akawafukiza huko huko, moshi ukarudi ndani hadi alipokaa Rahila. Kisha Bi Nasriya akarudi mikono mitupu, akaketi, akammiminia kahawa nyengine. Rahila aliionja, akaiweka chini, akaaga.

Akenda Matrah, mji wa jirani, kwa shoga yake Kheiria, Muunguja mwenziwe, akamweleza. Kheiria aliacha kuchambua mchele.

"Umekatiwa udi, shoga," akasema. "Kwetu mtu humfukizi ukiwa hutaki arudi. Mie nisingekanyaga tena pale."

Maneno yale yalimwingia. Rahila alikuwa na dada Mombasa, aliyekuwa akimpelekea salamu kwa kila msafiri kwamba chumba chake kipo, minazi ipo, na watu wa kusema nao wapo. Usiku ule akamwambia Mahfoudh anataka kwenda, na si kutembea. Mahfoudh alikuwa kapata kazi kwa mfanyabiashara wa Matrah baada ya kuhangaika sana, na Mombasa hana lolote. Watoto hawakujaaliwa, walikuwa wawili tu duniani. Na siku hizo kutoka Maskati kulikuwa shida, kurudi shida zaidi. Anayeondoka hajui kama mlango utamfungukia tena, na wote wawili walilijua hilo.

"Nenda," Mahfoudh akasema. "Siwezi kukutazama unanyauka." Kisha akatoka uani akajitia kutengeneza ndoo ambayo haikuharibika.

Meli ya Karachi ilipotia nanga, ambayo ndiyo ingempeleka kwenye ile ya Mombasa, Rahila akenda kuaga. Asingekwenda, lakini mama yake hakumlea kuondoka bila ya kuomba radhi kwa jirani. Bi Nasriya alikuwa peke yake. Zikaja tende, ikaja kahawa. Rahila akamwambia kuwa kesho anasafiri, anakwenda kwa dada yake, na amsamehe kwa yote. Bi Nasriya akaweka birika chini. Alikaa kimya kwa muda, na Rahila safari hii hakukijaza kile kimya, akangojea udi. Alijua siku ya kuaga hata adui hufukizwa.

Udi haukuja. Rahila akaona kwa kuwa anakwenda zake, na aseme.

"Bi Nasriya, nimekukosea nini? Wenzangu wote unawafukiza. Mie umenikatia udi hata leo nnakwenda zangu."

Bi Nasriya alimtazama kama hakumfahamu. Kisha akaona haya, akainamisha kichwa, na kila neno akalitoa kwa tabu.

"Udi kwetu hupewa mgeni apate kuondoka, ukhti. Ukishaletwa, basi. Mgeni hajifukizi akakaa tena."

Mtu anaweza kukaa mahali miaka na asijue alipokalia. Asubuhi zote zile zilimrudia kwa mpigo: wenziwe wanaondoka na yeye anakunja miguu, jua linapanda, jikoni hakuna moshi.

"Na mume wako?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mchana alikuwa akila wapi?"

"Alikuwa akiona yupo mwanamke mgeni ndani, haingii, anarudi kungojea kwa muuza halwa," Bi Nasriya alisema. "Hapana neno. Anapenda halwa."

"Mbona hukuniambia, Bi Nasriya? Miaka yote hiyo?"

"Nimwambie mgeni umekaa sana?" Bi Nasriya alishangaa kweli. "Nikaona umefiwa na nchi nzima, ukishafukizwa hujui pa kwenda. Nikasema na mume wangu. Tukapatana udi usiletwe tena kwako. Ukae utakavyo." Akanyamaza, akakusanya kokwa za tende kwenye sahani. "Leo ukinitaka nikufukize, nitakufukiza. Lakini sema mwenyewe. Mie mkono wangu hauwezi."

Rahila alilia, kilio cha wazi cha Kiunguja, cha kusikika mtaa wa pili. Alimlilia mama yake na Malindi na ujinga wake mwenyewe. Bi Nasriya hakumbembeleza wala hakumwambia anyamaze. Alikaa naye tu, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza Rahila alikisikia kile kimya hakina ubaya, kimemwachia nafasi.

Alipokwisha kulia, akajipangusa kwa ncha ya kanga.

"Usiulete," akasema.

Bi Nasriya akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akenda zake jikoni kupika, akamwacha palepale bila ya kumwomba radhi, jambo asilolifanya hata siku moja kwa mgeni yeyote. Rahila alikaa kidogo peke yake. Halafu akavua buibui, akalikunja, akamfuata, akauliza vitunguu viko wapi.