Dawa Isiyo na Ruhusa

Nyumba ya Hawa haikukauka watu. Ukipita nyuma ya msikiti wa Kasongo asubuhi ungekuta wanawake saba, wanane mkekani, birika linazunguka, na Hawa katikati akigawa habari kama anavyogawa chai, kila mtu na kikombe chake, na sukari kidogo ya kuongezea. Na tangu wifi yake Waridi aondoke, kulikuwa na jambo jingine la kuwaleta watu: dawa ya vidonda.

Dawa ile ilikuwa ya Waridi, dada yake Yakubu, mume wa Hawa. Mjane yule aliishi nao miaka sita. Alitwanga majani machungu ya mubirizi na masizi ya chungu, akayachanganya na mawese, akapaka, na kidonda kikafunga. Lakini kwao dawa haiokotwi njiani. Mwenye nayo anakushika mkono wa kuume, anakutemea mate kidogo kiganjani, anataja jina lako na jina la aliyempa yeye. Hiyo ndiyo ruhusa. Bila ruhusa jani ni jani tu, hata mbuzi analila. Hawa hakupewa ruhusa. Alichungulia kutoka jikoni, siku baada ya siku, mpaka akajua kipimo cha mawese.

Wala Waridi hakuondoka kwa kupenda. Alikuwa na desturi ya kuongea kwenye ukuta wa ua na Zéphirin, muganga wa lopitali, yaani muuguzi wa hospitali, Mkristo mmoja mpole mwenye baiskeli. Hawa aliwaona mara tatu. Ya nne hakungoja kuona, aliitunga mwenyewe pale mkekani.

"Mi sisemi kitu, dada zangu. Nauliza tu: ni kidonda gani hicho kinatazamwa kwenye ukuta, jua likizama?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kabla ya mwezi kwisha, maneno yalikuwa yamefika sokoni na kurudi yakiwa yamenenepa. Waridi akafunga nguo zake, akapanda kamiyo, lori la pamba, kwenda Kabambare kwa mjomba wake. Hakumuaga mtu ila kaka yake.

Miaka ile Wabelgiji walimtaka kila mwanamume awe na shamba lake la pamba, na Yakubu alikuwa akipalilia la kwake mvua ikinyesha, jembe likateleza, likampasua mguu juu ya vidole. Alirudi akichechemea na kucheka.

"Muganga wangu iko nyumbani. Mi naogopa nini?"

Wanawake wote walikuwapo. Hawa alipenda macho yao. Alipaka dawa nene, akafunga kitambaa safi juu yake, akasema, "Siku tano tu, atacheza ngoma."

Siku ya nne mguu ulianza kunuka. Hawa akasema ni ubaya unaotoka, akaongeza dawa. Siku ya sita Yakubu alitetemeka meno yakigongana, na mstari mwekundu ulikuwa umetoka kwenye kidonda, umepanda hadi karibu na goti.

"Hawa, mupeleke lopitali," alisema jirani yake, Mama Alimasi.

"Lopitali? Kwa Zéphirin?"

Wanawake wakatazama ndani ya vikombe vyao. Hawa naye akahisi uso unamuwaka. Angesimamaje mbele ya mtu yule, ambaye yeye Hawa alimharibia jina mbele ya mji mzima, amwambie shika mguu wa mume wangu? Ndipo wazo jingine likamjia, akalikimbilia kwa sababu lilimwepusha na mlango wa lopitali: dawa inakataa kwa kuwa imeibwa. Kinachokosekana ni ruhusa.

Akawaambia watu anaenda kutafuta mizizi ya kuongeza nguvu. Akamwachia Mama Alimasi kopo la dawa. "Mupake asubuhi na magharibi. Usiache hata mara moja."

Njia ilikuwa matope, kamiyo ikazama mara mbili. Alifika Kabambare siku ya tatu, akamkuta Waridi uani anapepeta mchele. Hawa akapiga magoti, akanyoosha mkono wa kuume.

"Wifi, nimekosa. Niliiba dawa yako. Nitemee mate, nakuomba."

Waridi hakuutazama mkono. "Nani anaumwa?"

"Yakubu. Jembe lilimukata muguu."

"Unanuka?"

"Unanuka."

"Musitari mwekundu iko?"

"Iko. Ilikuwa karibu na goti, siku niliondoka."

"Siku gani?"

"Juzi."

Ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika na kuku wakaujia.

"Mate yangu itamufanyia nini!" Waridi alipiga kelele. "Ulichungulia mi nikipaka. Hukuchungulia mbele ya kupaka? Nilikuwa naosha na maji ya moto na chumvi, siku tatu, siku ine, mpaka nyama inakuwa safi. Hukuona watu nilikuwa nakatalia? Kidonda ya kunuka, kidonda ya musitari, ile haikukuwa yangu. Ile nilikuwa naita Zéphirin, yeye iko na sindano za penisilini. Jani linafunga tu, Hawa. Umefungia uchafu ndani ya muguu ya ndugu yangu!"

Akavuta pumzi, kisha akasema polepole, "Ndiyo ile tulikuwa tunaongea kwenye ukuta. Vidonda."

Hawa alibaki amenyoosha mkono, hajui aurudishe wapi.

Walirudi na kamiyo ileile. Walimkuta Yakubu hajitambui, na mguuni ana dawa mbichi, nene, imepakwa asubuhi ile. Mama Alimasi alikuwa ametii kila alichoagizwa. Vijana wanne wakambeba kwa kitanda hadi lopitali, na nusu ya mtaa ikafuata.

Zéphirin alikwangua dawa. Kilichotoka chini yake kiliwafanya watu wa dirishani wazibe pua. Akainua kichwa, mkali kuliko alivyopata kuonekana.

"Nani alifunga uchafu huu?"

Waridi akamtazama Hawa. Alimpa nafasi, na haikuwa fupi. Lakini Hawa, ambaye mdomo wake haukupata kukosa neno, alitazama sakafu.

"Dawa ni yangu," alisema Waridi.

"Wewe? Wewe Waridi?" Sauti ya Zéphirin ilivunjika. Akageuka kuchukua sindano.

Sindano ziliokoa maisha ya Yakubu. Daktari wa lopitali alikata mguu pale gotini.

Baada ya siku nne, mkeka wa Hawa ulijaa kuliko siku zote. Wengine walikaa kizingitini.

"Kumbe Waridi alitumaga dawa toka Kabambare ya kumaliza ndugu yake!" alisema mmoja.

"Mwenyewe alikubali, mbele ya watu wote."

"Maskini Hawa. Na ulikuwa ulishatuambia ule mwanamuke si mutu."

Wakamngojea aongeze sukari yake. Na ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ni kumimina chai tu, na kutikisa kichwa.

"Hodi!" Mwanamume mmoja kutoka Lusangi alisimama mlangoni, muundi wake umefungwa kitambaa chenye damu. "Naambiwa hapa iko mama wa dawa ya vidonda."

Hawa akaweka birika chini.

"Mama wa dawa hayuko hapa, baba. Iko lopitali, anamulinda ndugu yake. Uende kule, uulize Waridi." Kisha akawageukia wanawake, macho chini. "Muguu ya Yakubu ni mimi niliuoza. Dawa niliiba kwa kuchungulia. Na ile ya Waridi na Zéphirin kwenye ukuta, niliitunga. Hapa, kwenye huu mukeka. Nanyi mulicheka."

Mmoja akakumbuka nguo alizoanika, mwingine akakumbuka mtoto. Mama Alimasi alitoka wa mwisho, akiitazama mikono yake miwili iliyokuwa ikipaka asubuhi na magharibi, na hakuaga. Kabla ya adhuhuri hadithi ingekuwa sokoni, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na haja ya kuinenepesha.

Hawa alikusanya vikombe, vingine vimejaa bado. Akaukunja mkeka. Kisha akatia uji kwenye bakuli la Yakubu, akapima na wa Waridi, akajifunika kanga hadi machoni, akashika njia ya lopitali, ile inayopita katikati ya soko.