Maji ya Kivuva

Mwaka ule wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada wa njaa, kijito chetu cha Kamuthanga kilibaki mchanga mtupu. Maji tuliyapata kwa kuchimba, kila ukoo na shimo lake lililozungushiwa miiba, na ole wako uguse la wenzako. Sisi wa upande wa Matinyani na wale wa ng'ambo tulikuwa tukisalimiana kwa matusi.

Basi Kivuva, mlevi wa kaluvu tangu ujana wake, akaokoka akiwa kitandani, amebaki mifupa. Alitaka kitu kimoja tu: abatizwe kabla hajafa. Mkewe Mumbua akaenda kwa Mchungaji Jonah kuomba mumewe anyunyiziwe hata kikombe kimoja.

"Kanisa yetu hainyunyizi watu, mama," mchungaji akajibu. "Ni kuzama mwili yote. Na kama hajabatizwa, mimi siwezi kumzika."

Nilimkasirikia mtu yule, na sijapoa mpaka leo. Lakini hasira haichimbi mchanga. Mumbua akaita mwethya, kikundi chetu cha kazi, na ajabu ni kwamba wanawake wa ng'ambo nao walikuja na majembe yao. Tukachimba shimo la kumlaza mtu. Asubuhi nzima hakuna aliyeteka. Tulikaa pembeni na mitungi mitupu, watoto wakilamba midomo, maji yakipanda polepole mno.

Kivuva akaletwa amebebwa juu ya kitanda chake, Mchungaji akimngoja kando ya shimo. Akayatazama maji, kisha akatutazama sisi.

"Mama Ndinda," akamwambia mkewe, "nikiingia kwa hii maji, hawa watoto watakunywa nini?"

"Wachana na watoto, Baba Ndinda. Ingia."

"Hapana. Watekee."

Mumbua alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Mzee akageuza uso. Tukateka kwa haya, lakini tuliteka. Kiu haina adabu. Mumbua alijaza mtungi wake mwisho kabisa, akilia.

Kivuva hakumaliza wiki. Mchungaji alifika mazishini, lakini hakufungua Biblia. Tulimzika wenyewe, tukaimba wenyewe. Baadaye mchungaji akaketi na wazee kungoja chai.

Mumbua alimletea kwa mkono wake, kikombe kimejaa.

"Kunywa, Mchungaji," akasema. "Ni ile maji ya ubatizo ya mzee wangu."

Jonah akakishusha kikombe. Lakini mwaka ule kiu ilikuwa yetu sote. Akanywa, akamaliza.