Darubini Isiyoshika Ukungu

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya saa tatu asubuhi, Fundi alitandika kitambaa cheupe mezani, akapanga bisibisi zake kuanzia ile nyembamba kama sindano, akamimina spiriti kidogo kwenye kifuniko, kisha akafuta kigoda cha mteja. Mara ya kwanza alikifuta kama fundi. Mara ya pili alikifuta kama mtu anayemngoja mtu.

"Kigoda cha wifi yangu kimeng'aa," dada yake alisema kutoka nyuma ya kabati. Alishona nguo katika nusu ya pili ya chumba hichohicho, na kabati lile halikuwahi kuyazuia masikio yake.

"Nyamaza, atasikia."

"Bora asikie kwangu, kaka. Akingoja kusikia kwako, atasikia akiwa na mkongojo."

Wifi hakuwa wifi. Alikuwa Mwalimu, mama mmoja mstaafu ambaye hakuwahi kuolewa, na ambaye kila alfajiri alikwenda bwawani kuhesabu ndege. Darubini yake kuukuu ilikuwa na maradhi sugu: ukungu uliota ndani ya lenzi. Fundi aliusafisha, unyevu wa bwawa ukaurudisha, na mwezi uliofuata Mwalimu akarudi nao. Hivyo kwa miaka saba. Wakati Fundi akifungua skrubu, Mwalimu alimsimulia aliyoyaona, mdiria aliyekosa samaki mara tatu akajifanya hana njaa, yangeyange wawili waliogombea jiwe moja. Fundi alisikiliza akiwa ameinama. Tangu afiwe na mkewe, hakuwa na nusu saa nyingine iliyopita upesi kama ile.

Jumamosi hii Mwalimu aliingia na boksi jipya kwapani, wala hakuketi.

"Nimenunua, Fundi," alisema. "Kule maonyesho."

Cherehani nyuma ya kabati ikanyamaza.

Fundi alijua. Nani angejua kumzidi? Mwezi uliopita vioo vya ndani vya ile kuukuu vilihama, Mwalimu akawa anaona ndege wawili mahali pa mmoja. Fundi akamwambia wazi kwamba sasa ni kutia kiraka juu ya kiraka. Ndipo Mwalimu alipouliza, akimtazama yeye wala si darubini, "Maonyesho ya biashara yanaanza wiki ijayo. Ninunue kule, au uniagizie wewe?"

Swali lilikuwa hilo tu. Na Mwalimu aliijua desturi ya duka lile: darubini aliyoiuza Fundi haikulipiwa mpaka ijaribiwe alfajiri, mahali itakapotumika, na Fundi mwenyewe akiwa hapo na bisibisi mfukoni. Kumwagizia kungekuwa kwenda naye bwawani. Fundi aliwaza hivyo, na kwa hofu ya kuonekana anajipendekeza akakimbilia ukweli wa bei. Kule ni nafuu, alisema, maana wenye vibanda hawapendi kurudi na mizigo. Kule kuna waranti ya miaka mitano. Kule utashika kumi kabla ya kuchagua moja. Akachukua karatasi, akamwandikia mambo manane ya kuangalia: asidanganywe na taa za ukumbini, maana chini ya taa zile kila lenzi ni nzuri, aombe kutolewa nje, atazame kivulini, avae miwani yake anapojaribu. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Mwalimu alisoma, akaikunja mara nne.

"Umenieleza vizuri sana, Fundi," alisema, akaondoka.

Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Fundi yalizaliwa kabla hajafunika kalamu.

Sasa Mwalimu aliweka boksi juu ya kitambaa cheupe. "Nimefuata karatasi yako yote. Kijana wa kibandani alitaka nitazame picha ya tai ukutani. Nikamwambia, mwanangu, ndege wa karatasi hata bibi yangu asiye na miwani angemwona. Nitoe nje. Akanitoa huku ananuna."

Fundi alicheka kidogo, akainua darubini. Akalenga bango la duka la mbali, kisha kivuli cha mlangoni, kisha waya wa umeme. Alitafuta kasoro. Alitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta, na alipoona hakuna hata moja, aliona aibu kwa alichokuwa anakitafuta.

"Ni nzuri," alisema. "Imezibwa vizuri. Ukungu hautaingia."

"Kwa hiyo sitahitaji kusafishiwa."

"Hapana."

"Hata mara moja kwa mwaka?"

Nyuma ya kabati mtu alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Futa vumbi tu kwa kitambaa laini," Fundi alisema.

Mwalimu alirudisha darubini kwenye boksi taratibu, kama anayempa mtu muda. "Basi ndiyo hivyo. Kwenye kibanda cha jirani palikuwa na chama cha watazama ndege. Wameniandikisha. Wanatoka kila Jumamosi asubuhi, na leo nimewaomba ruhusa nichelewe." Akafunga kifuniko. "Asante kwa miaka yote, Fundi."

Akatoka.

Dada mtu alichungulia, sindano mbili mdomoni. Akazitoa. "Kaka, huo mdomo ulipewa wa kupulizia lenzi tu?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli wa darubini! Nani alikuuliza habari za darubini? Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini wewe unangoja mpaka zianguke zenyewe, kisha unawaonyesha wengine pa kuokotea."

Fundi aliinuka. Alitoka na aproni yake, bisibisi ikiwa bado mkononi, akampata Mwalimu kwenye ukingo wa barabara akingoja magari yapungue.

"Mwalimu."

Akageuka. "Nimesahau kitu?"

"Hapana. Mimi ndiye... Siku ile uliniuliza."

"Nilikuuliza," Mwalimu alisema. Hakutabasamu. "Nililifikiria swali lile wiki nzima kabla ya kuja, Fundi. Nawe ukanijibu kwa namba, moja mpaka nane."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini niliuliza."

Magari yakapungua. Barabara ikawa wazi, na upande wa pili watu watatu wenye darubini vifuani wakampungia Mwalimu mkono. Naye akawapungia. Alishusha mguu mmoja barabarani.

"Sikutaka ununue kule," Fundi alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuizoea. "Nilitaka ununue kwangu, twende wote bwawani, nikae karibu nawe. Nilitaka hivyo tangu mwaka wa kwanza."

Mwalimu akaurudisha mguu ukingoni.