Busu Lililokatwa na Padre

...na gundi ikikauka kabla sijaamua itabidi nikwangue upya, filamu imekatika palepale penye kiungo cha zamani, ncha mbili ziko mezani na kando yake kipande nilichokikuta juzi ndani ya kopo la maziwa, busu, busu zima ambalo padre alilikata kabla sijazaliwa, nimeliangalia dirishani picha baada ya picha, askari anainama, msichana anafumba macho, halafu midomo, Mungu wangu, kumbe walibusiana, na sisi wa mtaa wa Kapata tangu utoto tunaona askari anainama na ghafla wote wawili wako juu ya farasi... profesa kule Lubumbashi alisema filamu iliyokatwa si filamu ile tena, nikaandika, nikapigia mstari, basi unganisha, Abigaëlle, kipande kimeanza kujikunja na kunuka siki, na baada ya leo ukumbi unafungwa... "Abigaëlle, bantu banachoka kungojea!" papa, mashine ni yake lakini macho yake hayaoni tena viungo, "Kidogo tu, papa"... kesho treni ya Kasai, redio inasema watu wa Kasai warudi kwao, kwao wapi, Mama Mbombo amezaliwa mstari wetu wa nyumba, mizigo yake iko stesheni tangu asubuhi na yeye amekuja sinema, kitenge cha sikukuu, sauti yake inapanda kutoka chini, anamwita papa, "Tata Kabongo! Ule askari alienda kuomba ruhusa kwa baba mukwe?" na ukumbi unacheka, "Hapana mama, anasukula kinywa na maji kwanza!" huyo ni Stany, Stany ambaye wiki nzima, tangu redio ianze, alipita mlangoni kwa Mama Mbombo bila kumsalimu, na mama anacheka kuliko wote, halafu anaanza, bila filamu, mwaaa! na ukumbi mzima nyuma yake, mwaaa! kila mtu anabusu mgongo wa mkono wake kwa kelele, wazee, batoto, Alfani muuza mafuta, kama siku zote askari anaporukia farasi, pengo la padre tumelijaza sisi... na nikiliunganisha? nawaona wananyamaza, macho yote kwenye midomo ya wageni wawili, sahihi kabisa, kimya kabisa, na Mama Mbombo amekaa, mkono mapajani bila busu, na kesho anapanda treni... lakini filamu ya asili ni hii iliyo mkononi mwangu, sitajidanganya, inapotea na ninajua inapotea, padre alikosea na sisi tukafurahi, vyote viwili ni kweli, mbona nacheka peke yangu, gundi imekauka, kwangua, paka tena, ncha kwa ncha, bila kipande... "Papa, kamata hapa, bonyeza mpaka ishike, mi nashuka." "Unashuka wapi? Na filamu?" "Mi natafuta kiti!" na bado hakuna picha ukutani, bado wanapiga kelele, mtu amefunua blanketi la dirisha kupata hewa na naona pembeni ya Mama Mbombo pana nafasi, yangu hiyo, ila Stany ameinuka, anaiendea, anasitasita, kaa, mjinga wewe, kaa, mimi nitaketi chini...