Aliyesimama Majini

Mwaka wa 1991, wanawake wa ufuo mmoja wa ziwa huko Seme, chini ya Kombewa, waliacha kuteka maji karibu na matete. Walisema Akeyo amerudi. Akeyo alikuwa mke wa boma la pale juu, aliyekufa miaka arobaini nyuma akiwa bado kijana, na sasa walikuwa wamemwona mchana kweupe, amesimama majini hadi kiunoni, amejikumbatia tumbo, akiguna kwa maumivu.

Beldina alizisikia habari hizo akiwa bado dhaifu kitandani kwa mama mkwe wake, Perez. Mwanamke aliyekumbatia tumbo alikuwa yeye.

Alikuwa fundi wa nguo sokoni Kibuye, na kila mwezi siku zake zilipokaribia alifunika cherehani akapanda gari kuja Seme, maana majirani wa nyumba ya kupanga kule Kisumu walikuwa wamechoka na vilio vyake. Mumewe, Dishon, alibaki kazini. Maumivu yalianza kama mkono unaopapasa chini ya kitovu, kisha mkono ukafumba ngumi. Yalishuka mapajani, yakapanda mgongoni, akatapika hadi nyongo. Kwenye zahanati walimpa vidonge na kumwambia akizaa atapona. Miaka minne ya ndoa, hakuwa amezaa. Siku moja aligundua kwamba maji baridi ya ziwa humtia ganzi kidogo, na tangu hapo akawa anajikokota hadi kwenye matete.

"Walimwona lini?" alimuuliza jirani aliyeleta habari.

"Jumanne. Na Alhamisi tena, mahali palepale."

Jumanne alikuwa yeye. Alhamisi hakuwa ameinua hata kichwa.

Hakumwambia mtu. Mwezi uliofuata alijiapiza kutokwenda, lakini ilipofika saa sita mchana siku ya pili ya maumivu, miguu yake ilikuwa imekwisha kumfikisha ufuoni. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, hata ndege hawakulia. Aliingia hadi kiunoni, akafumba macho, akaanza kuguna kwa pumzi fupifupi.

Kisha akasikia pumzi nyingine.

Ilikuwa kushoto kwake, karibu sana, ikiguna vilevile: ikipanda maumivu yake yakipanda, ikikatika yakikatika. Maji ya upande ule yalitikisika kidogo, kama mtu anavyobadilisha mguu akichoka kusimama. Beldina hakugeuka. Jambo lililomtisha zaidi, kama alivyokuja kusema baadaye, ni kwamba alijisikia afadhali. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kusimama naye.

"Akeyo!"

Sauti ilitoka ufuoni. Perez, mwanamke wa kanisa asiyepandisha sauti, alikuwa amesimama mchangani, ndoo imemponyoka. Aliita mara moja tu, kisha akaingia majini na nguo zake zote, akamshika Beldina mabega.

"Ni mimi, mama. Ni Beldina."

"Najua ni wewe," Perez alisema. Lakini macho yake yalikuwa yakitazama kushoto.

Alimtoa, akamkalisha juu ya mawe, akamfunika kwa leso yake iliyolowa. Halafu akasema yale ambayo hakuwahi kumwambia hata Dishon.

"Akeyo alikuwa mke mwenzangu. Kila mwezi alilia hivi. Tukaambiwa ana pepo, afungiwe nyumbani hadi pepo wachoke. Siku ya tatu akanyamaza, tukadhani wamechoka. Tulipofungua hakuwamo. Alikuwa amepenya nyuma, kwenye udongo mbichi wa ukuta. Tulimkuta hapa, amekwisha kufa." Aliyatazama matete. "Mlango ule ni mimi niliyeukalia asitoke, nyathina, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilifanya nilivyoambiwa."

Perez aliinuka, akakamua sketi yake.

"Wewe nitakupeleka Kisumu. Na sitatoka huko mpaka mtu aniambie ni kitu gani."

Alitimiza neno lake. Alikaa siku nne kwenye benchi la hospitali, na kila daktari aliyepita alimwita kwa sauti. Muuguzi mmoja, Nakhungu, alimuuliza Beldina maswali ambayo hakuwahi kuulizwa: inauma ukienda choo? Inauma ukiwa na mumeo? Ilianza ulipovunja ungo? Beldina alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na machozi yakamtoka kwa sababu tu ameulizwa.

Alifanyiwa upasuaji. Walitoa uvimbe mkubwa kama chungwa, umejaa damu iliyokaa hadi ikawa nyeusi kama lami.

"Utando wa ndani ya mji wa mimba umeota nje yake," Nakhungu alieleza. "Kila mwezi nao unavuja, na damu haina pa kutokea. Ugonjwa huu unaitwa endometriosisi. Unaweza kurudi, lakini atapewa vidonge vya kuuzuia."

"Kwa hiyo si pepo," Perez alisema.

"Si pepo, mama."

"Na mtu anaweza kufa?"

"Si kawaida. Lakini uvimbe kama huu ukipasuka, na mtu asitibiwe, anaweza."

Perez aliketi sakafuni pale wodini, akajifunika uso kwa leso.

Beldina alirudi Seme kupata nguvu. Siku zake zilipofika kulikuwa na maumivu, lakini ya kuvumilika. Alilala chali akisikiliza bati la paa likitatarika kwa jua. Perez aliingia na uji. Alimpa kikombe kimoja, na cha pili akakiweka kwenye kiti kitupu kilichoelekea dirishani, upande wa ziwa.

"Hicho ni cha nani, mama?"

Perez alikaa kitandani miguuni pa Beldina, mikono mapajani, akasubiri kama anayemngoja mgeni anayepanda mlima polepole. Beldina alikunywa uji wake. Mlango, ingawa vumbi lilikuwa jingi siku ile, Perez aliuacha wazi.