Baba Anaharibu Filamu

Kumpa baba yako mzazi nafasi kwenye filamu ni kujitafutia balaa, na binti wa fundi makochi alilijua hilo vizuri. Sasa afanyeje? Mzee aliyeahidi kuigiza baba amelazwa, na chuo kinataka filamu kesho asubuhi. Bila filamu, cheti asahau. Akambembeleza baba yake mpaka akakubali, kwa sharti kwamba aproni havui ng'o.

Mtoto akaigizwa na kinyozi wa jirani. Kisa chenyewe hakikuwa cha kubuni, na kila aliyekuwepo alikijua: kaka yake binti alikataa kurithi karakana, wakatupiana maneno na baba, akabeba begi akaondoka. Tangu siku hiyo baba na mwana hawasemezani.

Wakasimamisha kamera kati ya kochi lililochunwa kitambaa na marundo ya sponji, wakaanza. Mzee aligomba vizuri ajabu, hata kinyozi akasahau maneno yake. Kasheshe ikaja kinyozi aliposhika begi.

"Kaa chini kwanza," mzee akamwambia.

"Baba, hapo unanyamaza," binti akasema. "Yeye anatoka."

"Haya."

Wakarudia. Kinyozi akashika begi, mzee akamdaka mkono. Wakarudia tena, na safari hii mzee akaenda kusimama mlangoni, kifua mbele. Kinyozi akamtazama binti: sasa apite wapi, dirishani?

Binti akapandwa na hasira. Mwanga unakwisha, na mtu mzima anamfanyia mchezo. "Baba, unaniharibia kazi. Kaka alitoka, nawe ulinyamaza. Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua. Nilikuwepo." Mzee akarudi kwenye kigoda chake, akaweka mikono magotini.

Wakarudia. Kinyozi akabeba begi, akapita mbele yake, akatoka. Mzee hakusema kitu. Aliukodolea macho mlango, midomo ikimcheza. Siku ile binti alimkimbilia kaka yake barabarani. Hakuona baba alibaki vipi.

"Imetosha, baba," akasema. "Umeipatia."

"Mwite arudi."

"Kinyozi? Ameshakwenda zake, ana wateja."

"Huyo wa nini?" mzee akasema. "Mpigie kaka yako."